Zaidi ya Nusu

Riruta Satellite,
2 Machi 2025

Sasa Apiyo,

Ulienda wapi? Nilishuka jukwaani nikakutafuta kwa macho ukumbi mzima, kuanzia kwa spika hadi kwa masufuria, nikaambiwa umeshatoka na begi lako la nyaya. Hata pilau hukuonja.

Nakuandikia kwa karatasi kama tulivyozoea bwenini, maana simu yangu tangu jana haishikiki. Watu mia mbili na kumi na wawili wamejiandikisha! Jael muuza omena atapita Kibera Jumanne, atakuletea barua hii.

Urbanus Mulei, yule muuza jenereta, ameshatundika kibao mlangoni kwamba anauza kwa pesa yetu ya kompyuta: Tunapokea Kokoto. Seline, anayepikia watoto wa nasari, naye amekubali. Kuna mama mmoja alisimama akauliza, "Na mtu akidanganya hicho kitabu chenu cha malipo?" Nilimjibu vile ulivyonifundisha. Kitabu hakiko kwa mtu mmoja. Kompyuta kumi na nne zinakiandika, tisa huku Kawangware na tano kwenu Kibera, na kila moja ina nakala yake. Vitabu viwili vikitofautiana, zote zinafuata kile kirefu, kwa sababu ndicho kilichofanyiwa kazi nyingi. Kwa hivyo mwizi lazima awe na zaidi ya nusu ya nguvu za mashine zote. "Nani hapa ana nguvu hizo?" nikawauliza. Watu wakacheka, yule mama akakaa.

Tumefanya kitu, rafiki yangu. Niandikie upesi.

Lenah


Kianda, Kibera,
5 Machi 2025

Lenah,

Kichwa kilikuwa kinaniuma, ndiyo maana nikatoka. Hongera. Kile kitenge cha kijani kilikupendeza, na ulisema vizuri bila kusoma karatasi.

Nilisikia pia ile hadithi ya jina, kwamba siku moja ulikuwa unatembea kwa reli ya Kibera, ukaona kokoto chini ya vyuma, ukawaza: moja haiwezi kitu, lakini zikiwa nyingi zinabeba treni. Watu walipiga makofi sana. Mimi nilikuwa nimesimama kwa soketi, nimeshika waya wa spika uliokuwa unalegea. Ningeuachia usingesikika hadi mlangoni. Sikuuachia.

Siku hiyo uliyotembea kwa reli siikumbuki, lakini mimi husahau mengi. Ninachokumbuka ni viatu vyako vyeupe, na vile ulivyokuwa ukiniambia tukutane Satellite kwa sababu Kibera kuna matope.

Bango nalo nimeliona. Mwanzilishi: Lenah. Labda fundi wa bango aliishiwa na nafasi.

Ile nyumba ya michezo ya kompyuta karibu na shule ya Olympic imefungwa, mwenyewe anarudi Webuye. Ana mashine kumi zenye kadi nzito za picha, na amekubali nizichukue. Nitaziunganisha zituandikie kitabu. Acha Kibera nasi tukue kidogo.

Apiyo


Riruta Satellite,
23 Machi 2025

Apiyo wangu,

Pole kwa kukawia. Bango nitawaambia walirekebishe, ni kazi tu imekuwa nyingi.

Umeona bei? Tulianza kokoto moja ikiwa shilingi kumi, leo ni thelathini na nane. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Kawangware wananunua za kuweka. Mama mwenye nyumba wangu, aliyekuwa ananisalimia kwa kidevu, sasa ananiita madam.

Na kuna jambo lingine. Nimealikwa mkutano Kigali mwezi wa tano. Tikiti wanalipa wao, lakini ni ya mtu mmoja. Wataniuliza maswali ya ndani kuhusu wizi wa nusu, na unajua hapo ulimi wangu hukwama. Niandikie kwa maneno rahisi, kama unamwambia shosho mzee wa kijijini.

Naona mashine za Kibera zimefika asilimia arobaini na moja ya nguvu yote. Tafadhali usipite hapo. Si kwamba sikuamini.

Lenah


Kianda,
27 Machi 2025

Madam Lenah,

Waambie hivi.

Mtu akiwa na zaidi ya nusu, hawezi kufungua sanduku lako achukue kokoto zako. Hana ufunguo. Anachoweza ni kujirudishia zake mwenyewe baada ya kulipa. Ananunua kitu, muuzaji anaona malipo kitabuni, anatoa mali. Kumbe muda wote huo, pembeni, mashine zake zinaandika kitabu kingine kimyakimya, na ndani yake yale malipo hayapo. Kokoto zile zile amejitumia sanduku lake lingine. Kwa kuwa ana nguvu kuliko wengine wote wakijumlishwa, kitabu chake kinakuwa kirefu kuliko cha watu. Siku akikitoa, mashine zote zinakihamia, maana ndivyo tulivyoziagiza. Muuzaji hana mali wala malipo. Mwizi ana vyote viwili, na pesa ile ile anaweza kuitumia mara ya pili.

Wakikuuliza kwa nini hakuna atakayejaribu, sema hivi. Nyuma ya kokoto hakuna dhahabu wala serikali. Kinachoipa bei ni jambo moja tu, kwamba aliyelipwa amelipwa. Ukivunja hilo, kila mwenye kokoto anajiuliza kama zake zitakuwepo kesho, na wote wanakimbilia kuziuza siku moja. Bei inaanguka, na zile za mwizi zinaanguka pamoja na za wengine. Anakuwa ameiba kuku akamfia mkononi. Mwenye akili hawezi kufanya hivyo.

Hayo ni maneno yangu. Ukiyasema Kigali, taja ni ya nani. Au usitaje, utakavyoona.

Ile sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara nne.

Apiyo


Riruta Satellite,
9 Aprili 2025

Apiyo,

Simu yako hushiki, na ujumbe hujibu. Jael nimemwomba aje leo leo.

Tumeibiwa. Jumatatu asubuhi mteja asiyejulikana alinunua jenereta kwa Urbanus kwa ujumbe wa simu, kokoto elfu mbili na mia nne. Urbanus alingoja kurasa sita ziandikwe juu ya yale malipo, kama tulivyomfundisha. Ndipo akamruhusu mtu wa mkokoteni aibebe. Jana saa tisa mchana kitabu kikabadilika. Kurasa zote tangu Jumatatu zikatupwa, zikaja nyingine. Kwenye hizo Urbanus hajalipwa kitu.

Na si yeye peke yake. Alikuwa ameshamlipa Seline chakula cha mafundi wake cha mwezi mzima kwa kokoto hizo hizo. Seline naye akanunua maharagwe. Zote zimekufa, moja baada ya nyingine. Mwenye maharagwe alikuja akabeba magunia yake, na leo watoto wa nasari wamekunywa uji wa saa nne wakarudi nyumbani na njaa.

Wewe ndiwe unayeijua programu. Nisaidie kumpata huyu mtu. Halafu, Jumatatu mashine zenu za Kibera zilinyamaza zote. Stima ilipotea?

Lenah


Kianda,
11 Aprili 2025

Lenah,

Pole. Ndiyo, stima ilipotea, Kianda yote.

Sijui nikusaidie vipi nikiwa mbali. Angalieni huko huko kwenu ni nani ana mashine nyingi. Mwizi wa namna hii huwa karibu na anayemwibia.

A.


Riruta Satellite,
20 Aprili 2025, Pasaka

Apiyo,

Tuliangalia, kama ulivyosema. Mwenye mashine nyingi huku ni Mbuthia wa saiba, pale watu wanapolipia kutumia kompyuta, anazo nne. Nilisema tu kwenye kikao kwamba anazo nne. Sikusema neno lingine.

Alhamisi watu walivunja kufuli yake. Walizitoa kompyuta barabarani wakazipiga kwa nondo, zote nne, na Mbuthia akapasuliwa nyusi na mtu ambaye jana yake tu alikuwa anachapisha fomu za mtoto wake pale pale. Amekimbilia kwa ndugu yake. Mke wake analala kwa jirani na mlango wameufunga kwa kamba.

Bei ilianguka hadi shilingi kumi na tisa siku ile kitabu kilipobadilika. Ijumaa ya wiki hiyo ikawa nne. Sasa hakuna bei, kwa sababu hakuna anayenunua. Urbanus ameng'oa kibao. Nawaambia watu ni kisa kimoja tu, sanduku zao ziko salama, hakuna aliyechukua kokoto zao. Wananiangalia. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, ukinionyesha cheti cha ndoa kinachoweza kujifuta, nitalala na bibi yangu nikiwa na amani?"

Kigali nafasi yangu wamempa mtu mwingine.

Ulisema utakuja Pasaka.

Lenah


Kianda,
22 Aprili 2025

Lenah,

Ni mimi.

Barua yako Jael aliniletea jana, nikaisoma nimesimama mlangoni, na nilipofika kwa nyusi ya Mbuthia nikakaa chini. Usimwonyeshe mtu kabla hujamaliza kuisoma hii. Ukimaliza, mwonyeshe unayetaka.

Zile mashine kumi, uliona sita, nazo nilikuwa nimezipunguza kasi. Nne nilizifunika kwa leso chini ya kitanda. Jumatatu nilizitoa zote kwa kitabu cha watu, za zamani na mpya, nikaziwasha zikiandika changu. Ndiyo maana ulituona kimya. Stima haikupotea hata dakika moja. Jenereta iko hapa, sijaiwasha. Sikuwa na haja nayo. Ningeweza kununua chochote. Nilimchagua Urbanus kwa sababu ndiye aliyetundika kibao kwanza, na nilijua atakuja kulia kwako.

Unataka kujua kwa nini. Nimejidanganya kwa sababu nyingi, nimezichoka. Nilikuonea wivu. Si wivu ule wa kusema "natamani ningekuwa na kitenge kama chako." Nilikuwa nikikuona unacheka na watu nageuza njia. Nilikuwa nikisikia "Kokoto ya Lenah" pale kwa mama mboga wangu mwenyewe, hapa jirani Gatwekera, na yule mama hajui kwamba mimi ninayechagua nyanya mbele yake ndiye niliyekaa miezi kumi na moja nikiiandika mstari kwa mstari. Nilitaka siku moja tu uamke ujue kwamba kitu hiki kinapumua kwa sababu mimi nimekiruhusu kipumue. Saa tisa ile nilipokitoa kitabu changu, nikaona mashine zenu zote tisa zinanifuata moja baada ya nyingine. Lenah, sitakudanganya, nilifurahi. Nilifurahi kama dakika kumi.

Kesho yake nilienda kwa mama mboga na simu yangu yenye kokoto zote zile. Nikamwambia nipe sukuma ya kokoto moja. Akasema, "Madam, kokoto ziko tele kule reli. Enda ukaokote."

Nilikuwa na elfu kumi na moja za kwangu, za halali, za tangu mwanzo. Mamangu Ugenya anangoja paa la nyumba yake kutoka kwa hizo. Nilikuandikia kwamba mwenye akili hawezi kufanya hivyo, na nilikuwa sahihi. Hesabu yangu ilikuwa ya mtu anayetaka faida. Sikumweka mtu anayetaka tu wewe usiwe nayo.

Lakini hayo ni yangu, nitayabeba. Kinachonikaba ni kwamba nilikuandikia "angalieni huko kwenu." Nilijua mtamwangalia Mbuthia. Nilimjua kwa jina wakati naandika.

Sijui nikuombe nini.

Apiyo


Riruta Satellite,
26 Aprili 2025

Apiyo,

Nimeandika barua tatu za matusi, nimezichana. Hii ni ya nne na usidhani hasira imeisha. Seline ana miaka hamsini na sita na amepoteza mwenye maharagwe aliyemwamini tangu watoto wake wakiwa wadogo. Ulitaka kunigonga mimi, ukawapitia hao kwanza.

Sasa nisikilize, kwa sababu nikikaa siku moja zaidi sitaandika.

Tarehe kumi na mbili nilimpigia binamu yangu Mitchelle anayekaa Kianda, nikamuuliza kama Jumatatu stima ilipotea. Akacheka, akasema wiki hiyo ilikuwa ya ajabu, haikupotea hata mara moja. Nikajua. Siku nane kabla ya barua ya Pasaka nilikuwa nimeshajua ni wewe. Na Alhamisi ile wanabeba nondo kwenda kwa Mbuthia nilikuwa najua. Nilisimama kwa duka la dawa ng'ambo ya barabara nikiangalia. Ningeweza kupiga kelele.

Sikupiga, kwa sababu ningetaja jina lako wangeuliza, "Na huyo Apiyo ni nani? Kwa nini afanye hivyo?" Ningelazimika kuwaambia ni nani.

Fundi wa bango hakuishiwa na nafasi. Alikuwa ameyaandika majina mawili. Jina lako lilikuwa la kwanza, kwa alfabeti. Nililifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu kwenye simu yake kabla hajachapisha, nikamwambia lingejaza sana. Hadithi ya reli niliiba nikijua naiba. Na Kigali waliuliza kama kuna mwenzangu wa kuongezwa. Nikasema hakuna.

Unajua ni kwa nini? Tangu shuleni Mumias, mwalimu alipokuwa akiandika swali ubaoni, wewe ulikuwa unaangalia dirishani halafu unajibu. Mimi nilikuwa nalala na vitabu. Programu ikikwama nilikuwa nakungoja kama mgonjwa anavyomngoja daktari, nikitabasamu, na ndani nachemka. Nilijiambia, yeye ana akili, Mungu amempa hiyo, basi mimi nichukue jina. Nilichukua. Niliposimama pale mbele nilikuwa naogopa kila dakika kwamba utainuka useme. Hukuinuka, ukashika waya.

Kikao ni tarehe kumi Mei, Jumamosi, saa nne, ukumbi ule ule. Mbuthia amekubali kuja. Mimi nitasema yangu. Yako sitaisema.

Lenah


Kianda,
11 Mei 2025

Lenah,

Jana tulikaa, hatua tatu tu kati yetu, na hatukusalimiana, kwa hivyo naandika.

Hukuniona nilipofika. Jenereta nilikuja nayo kwa mkokoteni kutoka hapa, na mwenye mkokoteni alinilazimisha nisukume pamoja naye Ngong Road yote, akasema yeye hakuiba kitu. Urbanus aliipokea mlangoni. Aliikagua tanki, akaivuta kamba mara moja, ikawaka. Nikamwambia samahani. Akasema, "Jenereta imerudi, asante. Lakini nilikuwa nimewaambia watu wote wa laini hii ya maduka kwamba kitu hiki ni kizuri. Hayo maneno utanirudishia na mkokoteni gani?" Kisha akanionyesha njia ya ukumbini, kana kwamba sijui.

Uliposema kuhusu bango, niliona wanawake wa mbele wakiangaliana. Ulisema yote, hata simu ya fundi. Nilikuwa nimekuja na hotuba, ikanipotea. Ndiyo maana nilisimama nikasema jina langu, nikasema ni mimi niliyebadilisha kitabu, nikabaki nimesimama.

Ulisikia yule mama wa siku ya kwanza akiuliza kama Kokoto haiwezi kutengenezwa. Nilimjibu ukweli. Programu naweza kuirekebisha kwa wiki mbili, niweke ulinzi, mtu mmoja asiweze tena kufuta kurasa za zamani. Nikauliza ni nani atapokea kokoto baada ya hapo. Nilihesabu hadi ishirini kimoyomoyo. Mkono uliopanda ni wa Seline peke yake, na alikuwa anataka kuuliza choo kiko wapi. Watu walicheka. Nadhani ndicho kicheko cha mwisho Kokoto itakachopata.

Baadaye Mbuthia alinifuata nje. Ile nyusi imepona vibaya. Nilidhani atanipiga na nilikuwa nimekubali. Akaniuliza, "Ulikuwa unanijua?" Nikasema nilimjua kwa jina tu. Akasema, "Ningeelewa kama ungenichukia." Nikamwambia zile mashine kumi za michezo ni zake, nitamletea, nitazifunga mwenyewe, na nitakaa kwa saiba yake nikifanya kazi yoyote hadi mlango wake uwe na wateja kama zamani. Akasema nianze Jumatatu, na chai nije na yangu.

Mama nimemwambia paa halipo. Aliuliza kama wewe u mzima.

Usidhani wivu umeniisha. Jana ulipokuwa unakiri mbele ya watu, ukiwa umenyooka, sauti haitetemeki, nilikaa pale nikawaza: hata kukiri anakiri vizuri kuliko mimi. Nimeona nikuambie, kwa sababu tangu Mumias hatujawahi kuambiana.

Kutoka stendi hadi kwa Mbuthia napita mlangoni pako. Nitapita kila siku. Usitoke kunisalimia kwa huruma, na mimi sitajifanya sikuoni. Siku nitakayobisha, nitakuwa nimekuja kwako kweli.

Apiyo